Chipu Moja, Wake Wawili

Basi lilipotoka Handeni, kijana wa kiti cha mbele yangu, Raymond, alikuwa akimweleza jirani yake, Mzee Koisaba, kazi anayofanya: kubuni chipu ya modemu, kile kidude kinacholeta intaneti nyumbani kupitia waya wa televisheni. Mteja anataka bei nafuu, kwa hiyo sehemu inayosikiliza mawimbi na ile inayopiga hesabu zikae kwenye chipu moja. Shida ni kwamba ile ya hesabu ina kelele za umeme, na ile inayosikiliza haisikii kitu.

"Mimi nina wake wawili," alisema Mzee Koisaba, "na kila mmoja ana nyumba yake."

"Nyumba mbili ni gharama, mzee. Nikisema chipu mbili, mteja anaondoka, na mimi narudi kijijini Magoma kulima."

"Basi waweke pamoja. Utalala na mbuzi."

Abiria tulicheka. Raymond akageuka, akamnyooshea kidole mwanangu aliyelala kifuani pangu. "Mbona huyu analala na kelele zote hizi?"

Nilimhurumia. Hajalea bado.

Tulipofika Korogwe dereva akazima injini. Ukimya ule ndio uliomwamsha mwanangu, akaangua kilio. Simu ya Raymond nayo ikaita. "Ndiyo, bosi. Unauliza chipu moja au mbili? Sikusikii, bosi!"

"Nyumba ya pili hiyo unaitaka sasa," alisema Mzee Koisaba.

Nikamnyonyesha mtoto haraka, maana hata mimi nilitaka kusikia jibu la Raymond. Akanyamaza. Raymond akafungua mdomo kujibu, na papo hapo konda akagonga bodi ya basi: "Mwisho wa gari, shukeni!"