Unga wa Mama Léonie na Amina ya Mdogo Wake

Wasikilizaji wapendwa, mulio Kamina mjini na mulio njiani, leo tunamkumbuka Mama Léonie Mujinga, mtengenezaji wa unga wa muhogo. Tulimzika Jumamosi. Tunamkumbuka kwa machozi, na kwa aibu vilevile.

Aibu yenyewe ni ya mdogo wake, Cyprien Nday, fundi wa reli. Ameketi hapa mbele yangu, kichwa chini. Yeye ndiye aliyenisimulia.

Mama Léonie alihangaika miaka miwili kutafuta ruhusa ya kuuza unga wake kwenye mifuko. Wakaguzi walitaka sakafu ya simenti, akaweka. Walitaka maji safi, akachimba kisima. Walipima unga, wakamwandikia: muhogo mchungu ulowekwe siku nne ili sumu yake itoke. Siku nne, wasikilizaji, zisipungue. Ndipo akapewa namba, akaichapisha kwenye etiketi. Siku hiyo alizunguka soko zima na karatasi yake, akiwaonyesha hata wasiojua kusoma.

Cyprien naye alikuwa na muhogo, ila karatasi hana. Akamwomba yaya yake, ndiyo dada yake mkubwa, etiketi. Sasa mtoto wa mama yako utamnyimaje? Mama Léonie akampa hamsini, akamkumbusha zile siku nne.

Basi, treni ya Luena, ile tunayoingoja mpaka tunachoka, ikatangazwa ghafla. Cyprien akautoa muhogo majini baada ya usiku mmoja. Usiku mmoja tu. Akaanika, akasaga, akabandika etiketi za dada yake, akapakia.

Kule Luena mama mmoja na watoto wake wawili walikula bukari, ugali wa unga ule, wakatapika mpaka wakazimia. Walipona, Mungu mkubwa. Wakaguzi walisoma namba, wakaja kwa mwenye namba. Cyprien alikuwepo, amesimama uani, akingoja kutajwa. Mama Léonie akawaambia: "Namba iko yangu." Wakamfungia kiwanda.

Akaenda Luena mwenyewe kuomba msamaha. Hapa mjini tukambandika jina, Mama Sumu. Cyprien alilisikia hata kwenye kwaya, akaendelea kuimba. Talitha, binti wa pekee wa Mama Léonie, aliwakataza watoto wake kula kwa bibi yao. Cyprien alilijua na hilo, akanyamaza. Moyo ulimsuta, anasema, ulimi ukagoma. Miaka mitatu, jamani!

Mficha maradhi, kilio humfichua. Pale kaburini katekista alimwomba Mungu amsamehe marehemu dhambi ya Luena, na watu wote wakaitika.

"Na minyi nilisema Amina," Cyprien ameniambia. "Minyi njo nilifanya ile unga, na nilisema Amina."

Nilimuuliza kama haogopi kukamatwa. Akajibu: "Bakuye banikamate. Lakini Talitha ajue kwanza."

Pole kwa familia ya Mujinga. Pole kwa nyumba ile ya Luena. Wewe unayeuza chakula, namba ya ukaguzi haiazimwi kama sufuria. Nasi tuliomwita Mama Sumu, nami nikiwa mmoja wao, tujiulize nani kati yetu aliwahi kwenda kumuuliza ilikuwaje.

Talitha, najua unatusikiliza. Mjomba wako amesimama sasa hivi, ametoka studio, anakuja kwako kwa miguu. Kumfungulia ao kutomfungulia, ni juu yako.