Mji wa Bi Somoe

Lori la koperativa, yaani ushirika, lilikuwa halijatoka hata Palma, na ndugu Domingos, ofisa aliyeletwa kutoka kusini, alikwisha kumtegea fumbo Bi Somoe, mshona nguo aliyekaa naye juu ya magunia ya korosho. Alilitunga mwenyewe kwa ajili ya gazeti la ukutani: "Mnyama gani amejificha ndani ya Msimbati, kule ng'ambo ya Ruvuma?"

Bi Somoe akafikiri. Nami, abiria niliyekaa pembeni yao, nikafikiri, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Simba!" akadakia Domingos mwenyewe. "Kwenye jina Msimbati, toa herufi ya mwanzo, toa mbili za mwisho, anabaki simba."

"Nani kakuuliza?" Bi Somoe akawaka. "Nilisema nimeshindwa, mimi? Aliyeshindwa huombwa mji, akautoa, ndipo akapewa jibu. Wewe umelimwaga tu kama maji ya vyombo!"

Nilikuwa upande wake. Mimi nilikuwa bado niko kwa chui.

"Lakini, kamarada," Domingos akajitetea, "miji haitolewi. Ni mali ya umma."

"Na mimi si umma? Tangu uhuru mnatwambia ni yetu. Leo nataka kutoa mmoja tu, unanikataza!"

Ofisa akavua miwani, akaifuta vumbi kwa muda mrefu. "Basi, mama, nipe mji."

"Kwa jibu lipi? Si umeshalisema!"

Wakanuniana mpaka Mocímboa. Lori liliposimama, Bi Somoe alitangulia kushuka, akampokea ofisa mkoba wake, kisha akamwonyesha nyumba za bandarini. "Mji huu hapa. Tembea, kula, lala. Lakini sikukupa."