Nani Kasema Ua Lina Petali Tano?

Asubuhi ile Mzee Rola hakumsalimia mtu. Alilifikia benchi lililo kati ya duka la baiskeli na ukuta wa ghala, akaketi kwa kishindo mpaka Spana, fundi baiskeli, akamwagikiwa na kahawa mapajani. Rola huyu amepaka rangi nyumba za watu miaka thelathini na minne. Ukuta uliopita mikononi mwake huoni mkwaruzo wala tone lililoteleza. Kwa hiyo alipokunjua karatasi mbele ya wenzake kwa pupa mpaka ikachanika pembeni, Bi Birika, muuza kahawa, aliacha kumimina. Kwenye karatasi kulikuwa na ua jekundu, la mviringo kama sahani, limepakwa juu ya kitu kingine kilichokuwa kikichungulia kwa chini.

— Tazameni, akasema Rola. Tazameni nilivyofanywa!

— Mbona ua zuri tu, akasema Spana huku akijipangusa.

— Si langu! Langu liko chini yake!

Ikabidi aeleze. Binti yake, mjamzito wa miezi saba, alikuwa amemwomba amchoree ua ukutani, pale kitakapokaa kitanda cha mtoto. Kuta Rola anazijua. Maua hajawahi kuyagusa. Akajiandikisha darasa la Jumamosi kwenye ukumbi wa maktaba, "Maua Mepesi kwa Wanaoanza". Mwalimu, msichana wa rika la binti yake, akawaambia: duara la njano katikati, petali tano kulizunguka, shina, majani mawili, kazi imekwisha. Rola yeye akachora ua lililolala upande mmoja.

— Akaja nyuma yangu, akacheka. "Mzee, ua halikai hivi." Halafu akachovya brashi, brashi yake mwenyewe, akapaka juu ya langu! Mbele ya watu kumi na wawili!

— Juu ya kazi ya mtu? Bi Birika akashika kiuno.

— Bila hata hodi!

— Hilo ni kosa la jinai, akasema Hakimu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hukumu zake hapo kijiweni hazikatiwi rufaa. Kuharibu mali. Ndiyo maana wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Asali imeingiaje hapa? akauliza Bi Birika.

— Kwani huyo binti hakuchovya?

Spana akasogeza matako mpaka ukingoni mwa benchi.

— Nyie hamjaona kitu. Jiulizeni, kwa nini tano? Kwa nini si saba? Hapo kuna watu wa viwanda vya rangi, nawaambia. Petali tano zinamaliza kikopo kimoja. Wanapima!

— Viwanda ni vidagaa, akasema Hakimu. Hili jambo ni kubwa. Leo watoto wote wanachora ua moja. Kesho wataota ndoto moja. Keshokutwa watapiga kura moja!

— Na maua yenyewe yatafuata mkumbo! Spana akadakia. Ua litaona aibu, lianze kuchipua petali tano ili lifanane na picha. Paka akiondoka, panya hutawala!

— Huyo paka ni mnyama, Spana, akasema Hakimu. Hapaki rangi.

— Kwani mimi nimesema anapaka?

Siku nyingine Rola angecheka mpaka akohoe. Leo alikaa ameikodolea macho karatasi yake. Kicheko cha yule msichana kilimchoma, sawa, lakini kulikuwa na kidonda chini yake.

— Sikulibuni mimi lile ua, akasema, sauti imeshuka. Ni la mama yao. Lile la kwenye kopo.

Wote wakalijua. Mkewe alilipanda kwenye kopo kuukuu la rangi, akaliweka kizingitini kwake, ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na benchi. Lilikaa pale miaka tisa, limeinamia linakotokea jua. Mwaka juzi mama yule alipofariki, hakuna aliyekumbuka kulimwagilia. Likakauka.

— Lile lilikuwa linalala upande! Spana akainuka. Nashuhudia!

— Mashahidi tupo, akasema Hakimu, naye akainuka. Twendeni maktaba sasa hivi. Huyo binti atatueleza vizuri.

Pembeni alikuwa amesimama fundi cherehani mpya, mwanamke aliyehamia mtaani wiki ile, akingoja kahawa yake.

— Samahani wazee wangu. Mimi sikuwahi kuliona hilo ua. Lilikuwa na petali ngapi?

— Sita, akasema Hakimu.

— Sita wapi! Nane! akadakia Spana.

— Mimi nakumbuka jioni lilikuwa linajifunga, akasema Bi Birika. Ila petali... hapana. Nisiseme uongo.

Wakamgeukia Rola. Alitazama kizingiti chake. Aliliona kopo, akaiona kutu, akauona mkono wa mkewe ukimimina maji kwa kikombe. Ua lenyewe alilitafuta, akalikosa.

— Miaka tisa! akafoka. Miaka tisa mmekaa hapa mnatazamana nalo!

— Nawe ulikuwa ukiliruka mlangoni kila asubuhi, shemeji, akasema Bi Birika taratibu.

Spana akaketi. Hakimu naye akaketi.

— Basi muulize binti yako, akasema yule fundi cherehani kwa upole. Mtoto wa kike hasahau ua la mamake.

Rola akaikunja karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu.

— Nimuulize nini? Yeye ndiye aliyeniambia, "Baba, nichoree, mimi nimelisahau."