Audrey Kwamboka Onchari, Aliyesoma Maandishi ya Mafarao

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Bordesley Green, wanafunzi wa Jumamosi, na nyote mliofika kutushika mkono, familia imenipa mimi, Shem, mdogo wake mumewe Ronald, heshima ya kuwasomea safari ya shemeji yangu, nami nitaisoma pole pole kwa sababu mwenyewe hakumpenda msomaji anayekimbia, na nikitania hapa na pale mnivumilie, shemeji na shemeji ni utani, na kifo hakijaniondolea haki hiyo.

Audrey Kwamboka alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 huko Nyamache, Kisii, mtoto wa tano wa marehemu Mzee Zablon Mogaka na marehemu Mama Teresia Bosibori, akapewa jina la Kwamboka, lenye maana ya kuvuka, na tangu alipoanza kutembea hakuna mto wala barabara aliyoiogopa. Alisoma shule ya msingi palepale kijijini kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978, na mwaka 1980 akaingia chuo cha uuguzi Nairobi, alikohitimu mwaka 1983 akiwa na cheti kizuri na sauti ambayo wagonjwa wote waliitii.

Alifanya kazi Kisumu, kisha Nakuru, na tarehe 17 Desemba 1988 akafunga ndoa na ndugu yetu Ronald Onchari, akaletwa kwetu Kiogoro, hukohuko Kisii, na Mungu akawajalia watoto wawili, Mark mwaka 1990 na Kemunto mwaka 1994, ambao nao wamewaletea wajukuu watatu. Februari 2001 alikuja Birmingham kufanya kazi katika hospitali kubwa iliyo karibu na mtaa wao wa Bordesley Green, Ronald akamfuata na watoto mwaka uliofuata, akaajiriwa katika kiwanda cha magari Longbridge hadi kilipofungwa mwaka 2005, kisha akashika usukani wa basi la abiria, na wote wawili wakajenga kule Kiogoro nyumba ya ghorofa, yenye geti zuri kuliko yote kijijini na isiyo na mtu anayelala ndani.

Sasa nifike pale ambapo shemeji yetu aliacha njia ya watu wote, kwa maana wauguzi tunao wengi, lakini msomaji wa hieroglifi, yale maandishi ya picha ya Misri ya kale, kwetu tulikuwa na mmoja. Mwaka 2006 aliwasindikiza watoto wa darasa la Kemunto kwenye jumba la makumbusho mjini, akasimama mbele ya jeneza la Mmisri wa kale, akamuuliza mlinzi, "Huyu anaitwa nani?" na mlinzi akamjibu kwamba jina limeandikwa hapo kifuani ila yeye hajui kulisoma. Mtu ambaye kila asubuhi kazini hasogelei kitanda kabla hajasoma jina kwenye utepe wa mkononi mwa mgonjwa, aliona ni utovu wa adabu kumpita mtu aliyelala, jina lake likiwa wazi hivyo, na basi la shule liliwasha injini huku Kemunto akimvuta mkono na kumwambia, "Mum, please, ni ndege tu."

Hawakuwa ndege tu, na yeye hakutulia. Alimpata Mwalimu Surinder, mama mstaafu aliyekuwa akifundisha maandishi hayo jioni, akajifunza kwamba picha nyingi ni sauti kama herufi zetu, na kwamba ukitaka kujua mstari unaanzia wapi unawatazama ndege na watu nyuso, kwa maana wote wanaangalia mwanzo, kisha mwaka 2008 akajiandikisha chuo kikuu, akisoma siku ambazo hakuwa na zamu. Kanisani walimbandika jina la Mama Ndege, na mzee mmoja, ambaye yuko hapa na sitamtaja, alimuuliza kama ni vizuri Mungu ahangaike kuwatoa watu Misri halafu yeye arudi, naye akamjibu kwa upole, "Mzee, na Musa alisomea shule gani?" Tarehe 10 Julai 2014, akiwa na miaka hamsini na mitatu, alivikwa joho, Ronald akiwa ukumbini na sare yake ya udereva kwa sababu zamu ilimngoja, na vigelegele tulivyopiga siku ile, mimi nadhani hata Farao alivisikia.

Elimu hiyo hakuikalia. Kuanzia Septemba 2015 alifungua darasa la Jumamosi katika ukumbi wa kanisa huko Castle Vale, akiwakusanya watoto wetu wanaoelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na akawafundisha lugha zote mbili kwa mpigo, Kiswahili na Kimisri cha kale, kwa njia aliyoibuni mwenyewe. Alisema sisi tukitamka mtu, kitu au mti, mwanzo wa neno umeshatuonyesha jamii ya jambo, ndizo ngeli zetu, na Wamisri nao walikuwa na kitu kinachofanana nazo, ila chao walikiweka mkiani, wakimaliza sauti za neno wanachora picha moja isiyotamkwa, miguu kama neno ni la mwendo, nyumba kama ni la jengo. Félicien, kijana wetu kutoka Kongo, alimuuliza, "Sasa Mama, hii miguu tunaitamka namna gani?" akajibiwa, "Haitamkwi, mwanangu, inakuonyesha njia tu." Darasa hilo ndilo lililomtoa Nurto, ambaye leo yuko chuo kikuu akisomea mambo hayohayo, na Ronald naye hakukosa Jumamosi hata moja, tukidhani anafuata chai.

Tarehe 9 Novemba 2024 marehemu alipatwa na kiharusi, na kikachukua maneno yake yote, Kiswahili, Ekegusii chetu cha nyumbani na Kiingereza, kikamwachia neno moja tu, "ee", ambalo alilitumia kwa ndiyo na kwa hapana pia, na herufi zikawa kwake mikwaruzo mitupu. Lakini alipopewa kibao cheupe na kalamu alichora mawimbi matatu, na Ronald, yule mfuata chai, akainuka akamletea maji. Wakaishi hivyo, kwa zile picha za mkiani, na si bila makosa, kwa maana mtu aliyeweka mkono mdomoni kwa Wamisri ni wa kula na ni wa kusema pia, na kuna siku mama wa watu alitaka mazungumzo akaletewa uji bakuli mbili.

Januari 2025 madaktari walituambia tujiandae, na kaka yetu mkubwa Walter akafika kutoka Kiogoro, ametumwa na wazee kuhakikisha mke wa Ronald anarudi kulala katika boma lake, kama ilivyo desturi yetu na kama inavyopasa. Tukamuuliza mgonjwa angependa tumlaze wapi, naye akachora duara, na ndani yake mistari miwili inayokatana. Wengi wetu tulilia, kwa sababu nani asingeliona, duara ni boma na ndani yake kaburi lenye msalaba, na Walter akasema, "Amesema mwenyewe, tumpeleke nyumbani," Mark akaanza kuulizia ndege.

Ronald peke yake hakulia. Alikaa karibu na mkewe, akamwambia atataja miji na nchi, yeye amalizie kila jina kwa picha yake, akataja Kisii, na Kwamboka akachora vilele vitatu vya milima. Walter akasema, "Si unaona, hiyo ndiyo Gusii yetu, milima mitupu," na Ronald akataja Mombasa, mkewe akachora milima ileile, na Walter, aliyefanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi na anajua hakuna mlima pale, akasogeza kiti kukitazama kibao vizuri. Ndipo Ronald akatueleza kwamba waandishi wale walimalizia jina la kila nchi ya mbali kwa milima, na mji wao wenyewe kwa duara lenye njia zinazokatana, akataja Birmingham, na mkono wa mkewe ukachora duara bila kusita. Ronald alipotaja Kiogoro, Kwamboka alisita sana, akachora milima pole pole, akafuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Kwa hiyo sisi ni wageni kwake," Walter alisema, na iliuma, hatutaficha. Kwamboka akamshika mkono shemeji yake, na chini ya milima akachora miguu miwili inayotembea, vidole vikielekea kwenye duara, akasema, "Ee." Hapo hatukuhitaji mkalimani, miguu iliyomleta ilitoka kwetu, na mji ilikofika ndio huu wa watoto wake, wajukuu wake na wanafunzi wake. Walter alibaki na kibao mapajani hadi muda wa kuwaona wagonjwa ulipokwisha.

Marehemu alitutoka kwa utulivu asubuhi ya tarehe 3 Machi 2025, Ronald akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari, na wauguzi wenzake waliomtunza katika wadi aliyoitumikia yeye mwenyewe, Mwalimu Surinder, majirani waliotuletea chakula bila kuombwa, madereva waliochukua zamu za Ronald, kanisa, na darasa la Jumamosi, ambalo Nurto ataliendeleza.

Tunamshukuru kaka yetu Walter, aliyetumwa kumchukua marehemu na anayerudi bila yeye. Jana alasiri, sote tukiwa sebuleni, alipiga simu Kiogoro, na wazee wakamuuliza wakiwa wengi, kwa ukali wa watu waliokwisha kupima kaburi, mke wa Ronald anazikwa wapi. Walter akawaambia, "Anazikwa nyumbani."

Kwamboka, umekwisha kuvuka, pumzika kwa amani mjini kwako.