Aliyezibua Mitaro Kuanzia Chini

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, msimamizi wa kikosi chetu cha mitaro anastaafu. Jina lake la kwenye mafaili wengi wetu hatulijui vizuri. Kwetu ni Mama Tope, na mwenyewe huitika. Angestaafu wakati wa kiangazi tungesherehekea kwa raha zetu. Lakini mvua za mwaka huu zimewahi, mawingu hayajaondoka juu ya karakana tangu wiki iliyopita, na watu wa hali ya hewa wametahadharisha kuhusu mafuriko ya ghafla mabondeni. Kwa hiyo tunamuaga roho zikiwa juu juu.

Alianza kama kibarua wa kufagia kingo za barabara, akawa mnyapara, kisha msimamizi. Kwenye vikao alikuwa na kiti chake cha dirishani. Anga likibadilika, macho yalibaki kwa msemaji lakini miguu ilishaanza kutafuta mabuti chini ya meza, na mhasibu wetu akajifunza kufupisha taarifa zake. Hata harusi ya bintiye haikusalimika. Matone ya kwanza yalipogonga bati la ukumbi, aliwaachia wifi zake wageni, akaenda kukagua mtaro. Alirudi watu wakinawa mikono, gauni jipya limelowa hadi magotini. Wifi zake mpaka leo humuuliza kama siku ile alikuja kuoza binti au kuzibua maji.

Jambo moja ametuomba tusilifiche. Mwaka wake wa kwanza wa usimamizi, wageni wa makao makuu walikuwa njiani, naye akaagizwa mitaro ing'ae. Akaanzia huku juu, mbele ya ofisi, ambako wageni wangepita. Kule chini, kalavati, yaani lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya barabara, lilibaki limezibwa na magodoro mabovu na chupa za plastiki. Mchana huo mvua ikamwagika. Maji hayakukuta kizuizi huku juu, yakateremka yote kwa pamoja, yakafika bondeni yakakosa pa kutokea. Nyumba zilijaa hadi madirishani kabla watu hawajawahi kuokota viatu. Mama mzazi wa seremala mmoja wa huko bondeni alitolewa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa. Hakuna aliyekufa, ila Mama Tope alilia mbele ya kikosi kizima, bila kujificha.

Tangu hapo kazi huanzia chini, kwenye mdomo wa kalavati, ndipo tupande. Kila mwaka wakazi wa juu hulalamika kwamba wamesahauliwa. Yeye huwasikiliza hadi mwisho, huwatania kidogo, kisha huwaambia zamu yao itafika. Bonde halijajaa tena namna ile, ingawa mara mbili limeponea chupuchupu.

Safari hii hali si nzuri. Katapila limeharibika, kipuri hakijafika, na nusu ya kalavati bado ina mchanga. Tunachimba kwa koleo. Simu za wakazi wa juu haziishi, na mimi, msaidizi wake ninayekabidhiwa kikosi, naogopa. Usiku nikisikia upepo naamka.

Wengi wamemuuliza atapumzikia wapi. Watoto wake wamemwandalia chumba huku mlimani, kizuri, chenye hewa. Amekikataa. Jumamosi anahamia kwa dada yake, fundi cherehani, ambaye miguu yake haifanyi kazi tena na hataki hata kusikia habari ya kuhama nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Nyumba hiyo iko bondeni, ya pili kutoka kwenye kalavati. Tulimsihi, hata meneja alimsihi. Akacheka, akasema kikosi chake anakijua, hana wasiwasi. Wasiwasi katuachia sisi.

Mama Tope, asante kwa kutufundisha kazi na kwa kutuvumilia. Tunakutakia maisha marefu yenye afya, na usingizi usiokatika mvua inapopiga bati. Utuwie radhi tu kwamba sherehe yako itakuwa fupi. Keki ikishakatwa, kikosi kizima kinashuka kwenye kalavati.