Darasa la Kurudi

Benchi letu la Keko lina sheria yake, na sikuitunga mie. Mie nauza kahawa tu. Watu hukaa kwa darasa. Aliyesoma sana hukaa karibu na birika, kahawa anaipata inafuka. Ambaye shule ilimpitia mbali hukaa ncha ya mwisho, na kikombe kikipokezanwa mkono kwa mkono mpaka kimfikie, kimeshapoa. Kwa hiyo Gozbert wa Bukoba, tarishi wa ofisi ya serikali, darasa la sita, tuliyemwita Karani, alikuwa ananikanyaga miguu kila siku. Wa pili ni Polikarpo, kuli wa bandarini, darasa la nne, jina lake Meli. Kule mwisho Gregori, fundi seremala, darasa la pili, na benchi lenyewe kalichonga yeye. Liliniudhi jambo hilo, lakini mteja ni mteja.

Ilikuwa enzi ya vita vya Hitla. Asubuhi ile Gregori alikuja na shauri. Keya, askari wa Mwingereza, walikuwa wanatafuta watu wa kikosi cha wateule, wale wanaotangulizwa mbele ya wenzao, na kesho yake wangeandikisha. Alitaka kujua kama darasa la pili linatosha. Vita hakuwa na hamu navyo. Jumapili posa yake ilikuwa imefika kwa Mzee Kornelio, mwashi wa huko Buguruni, na mzee akajibu mbele za watu kwamba Sesilia wake haolewi na mtu wa darasa la pili. Aende kwanza akatafute cheo.

Karani: Darasa la pili? Labda ukawapikie. Kule sharti darasa la sita, na Kiingereza juu yake. Amri inakuja kwenye karatasi, unaisoma mara moja, halafu unaitafuna na kuimeza.

Meli: Kumeza karatasi hata mbuzi anaweza. Nisikilize mie, Gregori. Ni darasa la nane, na hesabu. Mnatupwa toka kwenye ndege na mwavuli, upepo unaupigia hesabu hukohuko. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Karani: Mvunguni na angani wapi na wapi? Methali yake ni aliye juu mngoje chini.

Nikawaambia hiyo ndiyo methali ya adui. Hawakunisikia.

Basi wakazidi kuvimba. Karani akasema jiografia ni lazima, maana anayeanguka sharti ajue anaangukia nchi ya nani kabla hajaigusa. Meli akaapa kwamba baharia mmoja kamwambia mtihani wenyewe hufanyiwa chini ya maji, na wino wao hauyeyuki. Kisha wakaanza kumfundisha palepale, huyu akimuuliza saba mara nane, yule akimlazimisha kupiga saluti. Gregori alikuwa akijibu huku jasho linamtoka, kikombe kimemlalia mkononi. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kupepea makaa.

Hatukumwona Mzee Kornelio alipofika. Tulishtukia amesimama nyuma yetu, chokaa tele kwenye suruali, anasikiliza. Gregori akainuka.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba.

Mzee akawageukia wasomi wangu.

— Darasa la kuingia nimelisikia. Sita, nane, mara maji, mara upepo. La kurudi ni la ngapi?

Karani akamtazama Meli. Meli akatazama birika.

— Nauliza, wanangu. Mtu akitaka kurudi kwao mzima, awe kasoma mpaka wapi?

Mzee akaenda zake ncha ya mwisho, maana yeye shule hakuiona kabisa, akakaa pembeni mwa Gregori, mwisho kabisa.

— Neno langu la Jumapili lilikuwa baya, akasema. Sesilia anakula kama anayelazimishwa, mamake hanisemeshi, na mie mwenyewe usingizi umenihama. Kile kitanda cha mninga ulichokuwa unachonga, kimefika wapi?

— Kimebaki mguu mmoja, baba.

— Basi kesho ukimalize. Hao wa miavuli waruke wenyewe.

Gregori akafuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, na hakujali nani anamwona.

Birika lilikuwa limebakiwa na kikombe kimoja. Karani akanyoosha mkono kama kawaida yake. Nikampita, nikampita na Meli, nikakipeleka mwenyewe mpaka kule mwisho. Karani akataka kujua tangu lini kahawa inaanzia huko. Nikamwambia hilo wanalifundisha darasa la saba.

Gregori akakipokea, akampa mkwewe. Mzee akanywa nusu, nusu akamrudishia, na bado ilikuwa ya moto.