Mgongo kwa Mgongo: Kumuaga Sista Pumua

Je, huruma hufundishika, au mazoezi huwakusanya tu wale waliokuwa nayo tangu mwanzo? Swali hili limenisumbua kwa muda mrefu, na leo linanielemea zaidi, kwa kuwa tarehe 30 Juni muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, tuliyezoea kumwita Sista Pumua, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi.

Jina hilo alilipata kihalali. Aliwaamuru kupumua wajawazito, madereva wa ambulensi, hata mkurugenzi akiwa katikati ya kufoka. Darasa la yoga alilianzisha mwaka ule tuliopoteza wagonjwa wengi hadi tukaacha kusalimiana: kila Jumatano baada ya zamu, juu ya mablanketi kuukuu. Mhudumu wa chumba cha maiti alitutania kwamba kwa kutulia, wateja wake hatuwawezi. Hata hivyo, hakukosa.

Sista alikuwa na kanuni moja: walionuniana huketi mgongo kwa mgongo, macho yamefumbwa, hadi kila mmoja aihisi pumzi ya mwenzake. Mfamasia na mpishi walipatana hivyo. Mimi daktari, niliyezoea kuyasoma maumivu kwenye faili, nikaanza kumgusa mgonjwa bega kabla ya kumuuliza chochote.

Lakini mdogo wake Sista, anayefanya kazi chumba cha kufulia hapa hapa, alitandika blanketi lake pembeni kabisa miaka yote. Mama yao alifia wodini jioni ambayo Sista, akifuata kanuni kwamba saa za kutazama wagonjwa zimekwisha, alimrudisha mdogo mtu nyumbani. Tangu hapo hawakusemezana. Sista hakuwahi kuwapanga pamoja; alishikilia kwamba mtu halazimishwi kuegemea.

Jumatano iliyopita, katika darasa lake la mwisho, tulipoketi wawili wawili, nilijitoa kwa kisingizio cha maumivu ya kiuno, wakabaki wao wawili bila wenza. Mdogo mtu alisimama kitambo, akaburuta blanketi, akaketi, akaegemea. Nikafumba macho, haikuwa haki yangu kutazama.

Nilipoyafumbua, mdogo mtu alikwisha kurudi kwenye zamu yake ya kufua. Bega la sare ya Sista lilikuwa limelowa. Huenda ni machozi. Huenda ni unyevu tu wa nguo za kufuliwa. Sikuuliza, ndiyo maana swali langu la huruma linabaki bila jibu.

Asante, Sista, kwa pumzi ulizotugawia. Tunakutakia siku tulivu, na mgongo wa kuegemea.